Nafasi ya Kufurukuta

Kiingereza kina neno wriggle. Kwa asili ni neno la minyoo, la nyoka, la samaki aliyenaswa na ndoana, la mtoto mdogo anayekataa kuvishwa shati. Mwili unapinda huku, unapinda kule, na kwa kupindapinda huko unasonga mbele au unaponyoka. Lakini anayesoma magazeti ya London, au taarifa za mikutano mikubwa ya kimataifa, atalikuta neno hilo mbali sana na minyoo. Atalikuta likitumika kwa mawaziri na mabalozi. Waziri fulani, wataandika, amejipindapinda mpaka akatoka nje ya ahadi yake. Mkataba fulani, wataandika, umeacha wriggle room, yaani nafasi ya kupindia mwili. Ndani ya usemi huo mna nadharia nzima ya utawala, na sisi tuliorithi sheria za Waingereza tunaishi chini yake kila siku bila kuipa jina.

Ndugu msomaji, ninalichambua neno hili leo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mapenzi ya lugha tu, na sioni haja ya kuomba radhi kwa hilo. Ya pili ni kwamba mwaka 2021 Bunge letu lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kutamka kwamba lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili. Tangu hapo kazi ya kuzihamisha sheria zetu kutoka Kiingereza imekuwa jukumu la taifa. Mijadala niliyoisikia vyuoni na mahakamani inahusu istilahi: neno gani lipewe dhana hii, neno gani lipewe dhana ile. Ni mijadala muhimu. Lakini sijasikia sana watu wakiuliza kama tunazihamisha sheria pamoja na nafasi zake za kupindia mwili.

Tuanze na neno lenyewe. Waingereza wana ukoo mzima wa maneno yanayoanza kwa herufi w na r, ambayo w yake siku hizi huandikwa bila kutamkwa. Wring ni kukamua nguo kwa kuisokota. Wrench ni kuchomoa kitu kwa kukipinda. Wrist ni kifundo cha mkono, mahali mkono unapogeukia. Wrestle ni kupigana mieleka, wreath ni shada lililosukwa kwa kuzungushwa, writhe ni kujinyonganyonga kwa maumivu. Na yumo ndugu mmoja ambaye watu wengi hawamjui kuwa ni wa ukoo huo: wrong, kosa, dhuluma, jambo lisilo haki. Neno hilo lilifika Uingereza na watu wa kaskazini, na maana yake ya awali ni kilichopinda.

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa, kwa maana nasi tumefanya vivyo hivyo. Tunapota kamba, na kutoka katika pota tunapata potoka, potovu, upotovu. Kwa upande wa pili tunanyoosha, na mtu asiye na hila tunamwita mnyoofu. Watu wa visiwa vya Ulaya ya kaskazini na watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawakukaa kikao kimoja kukubaliana kwamba haki ni mstari ulionyooka. Kila mmoja alifika huko kwa njia yake.

Tofauti inaanza pale tunapoangalia ni nani anayepinda. Kiingereza huigawa mienendo hii kwa kuangalia hali ya nafsi ya mwenye kupinda. Mwenye maumivu makali hupewa neno writhe. Mwenye aibu, aliyeulizwa swali gumu mbele ya watu akawa hana pa kuweka macho, hupewa squirm. Na yule anayepinda ili apite mahali pembamba atokee upande wa pili, huyo ndiye wa wriggle. Haumwi. Haoni aibu. Ana safari yake.

Kiswahili kinaigawa picha hiyo kwa kuangalia mahali alipo anayepinda. Anayegaagaa yuko chini, mavumbini au kitandani. Anayetapatapa yumo majini na maji yamemzidi. Mfa maji, wahenga walisema, haachi kutapatapa. Anayefurukuta amebanwa: panya ndani ya gunia, mtoto ndani ya blanketi, mtuhumiwa mikononi mwa askari. Sikiliza pia jinsi watu wanavyolitumia neno hili la mwisho mitaani na katika habari za michezo. Mara nyingi hulikanusha. Hafurukuti. Wapinzani walibanwa wasifurukute. Amekamatwa hata kufurukuta hawezi. (Wako pia wanaotumia kujinyonganyonga, nalo ni neno zuri, ila mwandishi awe mwangalifu: akisahau kulirudia shina, waziri aliyekuwa akikwepa swali atageuka marehemu.)

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka kulisema. Kiswahili huutazama mwendo huu kutoka upande wa aliyebanwa, na swali lake ni kama ataweza kutoka. Kiingereza cha siasa kinaposema wriggle room kinautazama mwendo uleule kutoka upande wa yule ambaye pa kutokea palishatengenezwa kabla hajabanwa. Mnyoo hachimbiwi tundu na mtu, hulitafuta mwenyewe. Waziri amechimbiwa tundu na mwandishi wa sheria, likapimwa upana, likajadiliwa mezani usiku kucha, na wote waliotia saini wanajua liko ibara gani. Ndiyo maana sipendi tafsiri iliyozoeleka ya dhana hii, yaani mwanya. Mwanya wa meno ni majaliwa, na wengi wetu tunauhesabu kuwa ni uzuri. Tunapouita uwazi wa kifungu cha sheria mwanya, tunaashiria kwamba umetokea tu, kama vile hakuna mkono ulioutengeneza.

Mikono ipo, na wakati mwingine huonekana. Tarehe 12 Desemba 2015, mjini Paris, wajumbe wa karibu nchi 200 walikuwa ukumbini kupitisha mkataba wa mabadiliko ya tabianchi. Kikao kilichelewa. Katika ibara ya 4, kifungu kidogo cha 4, rasimu ilisema kwamba nchi zilizoendelea shall, yaani ni lazima, ziendelee kuongoza kwa kupunguza hewa chafu kwa malengo ya uchumi wao wote. Wanasheria wa Marekani waliliona neno hilo wakasema haliwezekani: wajibu wa aina hiyo ungelazimu mkataba upelekwe Seneti, na Seneti ya wakati ule isingeukubali. Baada ya mashauriano, sekretarieti ilisoma orodha ya masahihisho ikiyaita ya kiufundi, na miongoni mwake shall ikawa should. Lazima ikawa inapasa. Nyundo ikapigwa, watu wakakumbatiana. Sisemi kwamba mkataba ule haukuwa na faida; bila badiliko lile pengine usingekuwapo kabisa. Ninachosema ni kwamba neno moja lenye silabi moja lilitosha kuzipa nchi tajiri pa kupitia, na kwamba ulimwengu uliambiwa ni sahihisho la kiufundi.

Afrika haikuhitaji kungoja Paris ili kulijua somo hilo. Mei 1889, Mfalme Menelik wa Ethiopia alitia saini mkataba na Italia mahali paitwapo Wuchale. Mkataba uliandikwa kwa lugha mbili. Ibara ya 17 kwa Kiamhari ilisema kwamba Menelik anaweza kuitumia serikali ya Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano ibara hiyohiyo ilisomwa kuwa amekubali kuitumia, yaani hana njia nyingine. Na kwa tafsiri hiyo Roma ikautangazia ulimwengu kwamba Ethiopia iko chini ya himaya yake. Menelik alipotambua, alipinga, na mwaka 1893 akaukana mkataba mzima. Tarehe 1 Machi 1896 jambo lile liliamuliwa Adwa kwa bunduki, na Italia ikashindwa. Hapa kwetu, Mangungo wa Msovero, aliyewekeana mkataba na Karl Peters Novemba 1884, hakuwa na majeshi ya Menelik. Jina lake tumeligeuza kuwa kejeli ya kuwatupia viongozi wetu, jambo ambalo siku zote nimeona ni uonevu: aliandikiwa karatasi kwa lugha asiyoisoma. Wangapi kati yetu wanasaini karatasi za lugha wanazozisoma na bado wanafungwa?

Lakini nisije nikaeleweka kana kwamba ugonjwa huu ni wa lugha za Ulaya peke yake. Katiba yetu ya mwaka 1977 tunayo kwa Kiswahili, tena Kiswahili kizuri, nami huwaambia wanafunzi waisome kwa ajili ya lugha yake pia. Isome Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza. Ibara ya 7, ibara ndogo ya kwanza, inaiambia Serikali na vyombo vyake vyote kwamba vina jukumu la kuzingatia, kutilia maanani na kutekeleza masharti ya sehemu hiyo. Vizuri. Ibara ndogo ya pili inasema kwamba masharti hayo hayana nguvu ya kisheria mbele ya mahakama yoyote. Ya kwanza inafunga mlango, ya pili inaacha dirisha wazi. Na katika nyumba hiyo ndimo yalimowekwa mambo ya ibara ya 11: haki ya kufanya kazi, haki ya kujipatia elimu, haki ya mtu kupata msaada katika uzee, maradhi na ulemavu.

Mfumo huo hatukuubuni sisi. Ireland iliuweka katika Katiba yake ya 1937, India ikauchukua katika Katiba ya 1950, nasi tukaupokea katika marekebisho makubwa ya mwaka 1984, yaleyale yaliyotuletea pia sura ya haki za msingi. Hata haki hizo za msingi ziliingia zikiwa zimefungwa kamba: ziliandikwa mwaka 1984, lakini mahakama zilizuiwa kuzitumia mpaka Machi 1988, ili Serikali ipate muda wa kuzirekebisha sheria zake zilizokuwa zikigongana nazo. Lengo lilikuwa la maana. Sheria zilizorekebishwa katika muda huo unaweza kuzihesabu kwa vidole.

Sasa niingie mahali ambapo, kwa maoni yangu, Kiswahili kinahitaji uangalifu kuliko hata Kiingereza. Ibara ya 11 inasema kwamba Mamlaka ya Nchi itaweka utaratibu unaofaa. Itaweka. Kwa mwanasheria, itaweka hiyo ni amri. Ni mwenzake shall. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria kinaeleza wazi kwamba pale neno shall linapotumika kumpa mtu jukumu, jukumu hilo lazima litekelezwe, na pale may inapotumika, mhusika ana hiari. Shida ni kwamba shall, katika Kiingereza cha leo, imebaki karibu kuwa mali ya mawakili. Mwingereza wa kawaida akiikuta, masikio yanasimama. Anajua hapa pana sheria. Kiambishi -ta- hakina sauti hiyo. Tunakitumia asubuhi hadi jioni. Nitakuja. Mvua itanyesha. Mshahara utatoka wiki ijayo. Mwananchi anayesoma kwamba Serikali itaweka utaratibu hasikii amri. Anasikia habari ya kesho. Na kesho, kama tunavyojua sote, haina tarehe.

Ongeza juhudi juu ya hiyo -ta-. Ibara hiyohiyo ya 11, ibara ndogo ya tatu, inasema Serikali itafanya juhudi kuhakikisha kwamba watu wote wanapata fursa sawa na za kutosha za elimu na mafunzo ya ufundi. Zipime hatua zilizomo. Serikali haiambiwi itoe fursa. Haiambiwi hata ihakikishe. Inaambiwa ifanye juhudi za kuhakikisha. Mwanafunzi aliyekosa nafasi akienda kulalamika, na tuseme mahakama ingekuwa na mamlaka ya kumsikiliza, atakachotakiwa kuthibitisha si kwamba hakusoma, bali kwamba hakuna aliyejaribu. Nani aliwahi kushinda kesi ya namna hiyo?

May nayo ina yake. Tumezoea kuifasiri anaweza: Waziri anaweza kutunga kanuni. Katika Kiswahili cha kila siku, anaweza ni habari ya uwezo kwanza: anaweza kuogelea, anaweza kubeba gunia. Basi mkulima anayeambiwa kwamba Mkuu wa Wilaya anaweza kumlipa fidia hudhani amepewa habari njema. Afisa aliyeandika barua alikuwa akimwambia kinyume chake kabisa: kwamba anaweza pia asimlipe.

Mtu atasema dawa ni rahisi, tuandike lazima kila mahali. Kenya imetuonyesha kwamba si rahisi hivyo. Katiba yao ya 2010, ibara ya 27, kifungu cha 8, inaitaka Serikali ichukue hatua za kisheria na nyinginezo ili wajumbe wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Kiingereza cha kifungu hicho kina shall mbili. Zikatosha? Desemba 2012 Mahakama ya Juu ilitoa ushauri, kwa wingi wa majaji, kwamba kwa upande wa Bunge kanuni hiyo itekelezwe hatua kwa hatua, na ikataka sheria iwe imepatikana ifikapo tarehe 27 Agosti 2015. Tarehe ikapita. Miswada ikaletwa, ikaanguka, mara nyingine kwa sababu tu wabunge hawakutosha ukumbini. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa huko, kama Katiba inavyoelekeza. Bunge halikuvunjwa. Wajumbe wa Bunge lile waliendelea na viti vyao mpaka muhula ulipokwisha. Waandishi wa Katiba ile walikuwa wameziba karibu kila tundu, wakaacha moja tu, neno hatua, na humo ndimo wote walimopita.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao haufai kufichwa. Mwalimu Nyerere alipofasiri tamthilia ya Shakespeare inayohusu mfanyabiashara wa Venisi, akaichapisha mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, aliwapa Waswahili mfano mashuhuri kuliko yote wa kujipindapinda mbele ya hakimu. Mdai ana hati ya kukata ratili ya nyama kutoka mwilini mwa mdaiwa. Hati ni halali. Wakili anakubali kila neno lake, kisha anasema: chukua nyama, lakini hati haikutaja damu. Ukumbi mzima hushangilia, nami nimeshangilia pia, kwa sababu roho ya mtu imeokolewa. Watetezi wa haki huutumia ujanja huo kila siku kuwatoa watu mahabusu kwa hati ya mashtaka iliyokosewa, na ni vema wanafanya hivyo. Lakini soma tena tamthilia ile kwa utulivu. Aliyeokolewa ni tajiri mwenye marafiki wengi mjini, na aliyepoteza mali na hata dini yake ni Myahudi aliyekuwa akitemewa mate barabarani. Hata tundu la bahati lilimfungukia yule ambaye mji ulimpenda.

Mahakama, hata hivyo, zinaweza kuziba kama zinavyoweza kufungua. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, ulijaa vishazi vya namna ya kila mtu ana haki hii ilimradi afuate sheria; maana yake serikali ingeweza kutunga sheria na kuimeza haki yenyewe. Tume ya Afrika ilikataa kuvisoma hivyo. Katika shauri dhidi ya Nigeria mwishoni mwa miaka ya 1990, ilisema kwamba sheria ya nchi haiwezi kuutengua mkataba, na kwamba sheria inayozungumzwa lazima ilingane na wajibu wa kimataifa. Huko India nako, mwaka 1993, Mahakama Kuu kabisa ya nchi ilikikuta kifungu cha elimu kimelala katika sehemu isiyo na nguvu mahakamani, ndugu wa ibara yetu ya 11, ikakiunganisha na haki ya kuishi, kikaamka. Miaka 9 baadaye Katiba yenyewe ilirekebishwa ili elimu ya watoto wa miaka 6 hadi 14 iwe haki ya msingi.

Kwa hiyo naongea na wale kati yenu, wasomaji wangu, mnaokaa katika ofisi ambamo tafsiri hizi zinafanyika, na wanafunzi mtakaokaa humo kesho. Shall ya amri msiifasiri kwa -ta- peke yake. Lugha yetu ina sharti, ina lazima, ina inawajibika. Serikali sharti iweke ni Kiswahili safi cha pwani, na hakuna atakayekisikia kama utabiri wa hali ya hewa. May ya hiari iandikweni kama hiari: Waziri ana hiari ya kutunga kanuni. Mkulima wetu akisoma hivyo atajua mapema kama aende kwa wakili au arudi shambani. Na kila mnapokuta kishazi cha kwa kadiri itakavyowezekana, kabla hamjakivusha, muulizeni Mwandishi Mkuu wa Sheria mambo mawili: nani ataamua kwamba haikuwezekana, na ataiambia nani sababu zake kwa maandishi, ndani ya siku ngapi. Kama sheria ya Kiingereza haina majibu, basi tatizo halikuwa la tafsiri, na mswada urudi bungeni ukiwa na swali hilo limeandikwa pembeni.